Mavi ya Chuma

Kiswahili kina neno ambalo sisi watoto wa mjini tumeliacha lilale kwenye kamusi: mahame. Ni mahali watu walipoishi, wakahama, pakabaki misingi ya nyumba, vigae vya vyungu na miti ya matunda isiyo na mwenyewe. Wazungu wana la kwao, wao husema mji wa mizuka. Ukimuuliza kijana wa Sumbawanga miji hiyo iko wapi, atakuelekeza ng'ambo tu. Atakutajia Bodie kule California, mji wa dhahabu uliokuwa na maelfu ya watu karibu na mwaka 1880, ambao leo hauna mkazi, na tangu 1962 serikali ya jimbo inautunza vilevile ulivyoachwa, bidhaa bado zimo kwenye rafu za duka.

Picha zake nimeziona. Ni nzuri, sibishi. Kilichoniudhi ni maneno ya rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tukiziangalia naye. "Sisi hatuna kitu kama hiki," alisema. "Historia yetu ya nyasi bwana. Mvua ikinyesha, kwisha." Nikamwambia nipe wiki mbili nitakujibu. Hili ndilo jibu lenyewe, na limechukua zaidi ya wiki mbili.

Nilianza pale ambapo mtu yeyote angeanza, Mpanda. Miaka ya 1930 mtafiti wa madini aitwaye Jean de la Vallée Poussin aligundua madini ya risasi katika nchi ile ya miombo kaskazini mwetu. Ikaundwa kampuni, Uruwira Minerals, mgodi ukafunguliwa Mukwamba, na serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, kiasi cha kilometa 210, lililofika Mpanda na kufunguliwa mwaka 1950. Fikiria: kilometa 210 za chuma porini kwa ajili ya shimo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Miaka kumi tu! Reli ikabaki na mji ukabaki nayo, maana watu walikuwa wameshazoea treni. Mwaka 2012 Mpanda ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Kwa hiyo rafiki yangu angenishinda kirahisi. Mji wenyewe hauna mzuka hata mmoja, una bodaboda kila kona. Geita nako mgodi wa zamani ulifungwa 1966, Kiabakari mwaka huohuo, na Geita imekuja kuchimbwa upya kwa mitambo mikubwa kuliko ile ya mwanzo.

Tena hayo yote ni mahame yenye karatasi zake. Kuna kampuni, kuna mikataba, kuna ramani, kuna jina la aliyegundua. Siku moja nikirudi kutoka Mpanda, mzee niliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi aliniuliza nafuata nini huko. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, umeruka malungu ya babu zako ukaenda kutafuta machimbo ya Mzungu?" Akanitajia kijiji, akanitajia ukoo wa kuulizia, halafu akashuka Namanyere na mfuko wake wa samaki wakavu. Sikumwona tena.

Wengi wetu tuliozaliwa mjini neno hilo tumelisikia juujuu. Ilungu, na wingi wake malungu, ni tanuri la kuyeyushia chuma. Nilijua yapo, kama unavyojua kwamba babu wa babu yako alikuwapo. Kuliona ni habari nyingine.

Mwezi wa Juni uwanda wa juu wa Ufipa si mahali pa mchezo. Upepo unakuja bila kizuizi, kwa sehemu kubwa ni nyasi tu, vilima vya mviringo na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Toka barabara kuu, upande wa baada ya Chala, nilipanda bodaboda kwa njia ambayo dereva wake aliiita barabara kwa heshima tu. Njiani tulipita mahame mengine ambayo hayana uhusiano na chuma: vijiji vilivyoachwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu walipoambiwa wasogee barabarani. Kilichobaki ni migomba michache na jiwe la kusagia. Dereva alipunguza mwendo akasema, "Hapa ndipo alipozaliwa mama." Akaongeza mafuta tukaendelea.

Ilungu la kwanza lilikuwa katikati ya shamba la mtu. Kwa mbali nilidhani ni kichuguu. Wala sikukosea sana, kwa sababu limejengwa kwa udongo wa kichuguu. Kwa karibu likawa kama mtungi mkubwa uliopinduliwa, mpana chini, mwembamba juu, mdomo wazi kuelekea mbinguni. Nilijipima nalo: mimi si mfupi, na nikinyoosha mkono juu sikufika kwenye ukingo. Ni kama mita tatu na kitu. Upande mmoja ulikuwa umeanguka, ukaniwezesha kuona unene wa ukuta na jinsi ndani ulivyoiva na kuwa mwekundu, kisha mweusi, kisha ukang'aa kama kioo palipokuwa na moto mkali. Chini, kuzunguka pande zote, kuna matundu ya upinde ambayo mtoto angeweza kuingiza kichwa. Nilihesabu tisa, na moja kubwa kuliko mengine, huo ndio mlango.

Na chini ya miguu yangu kulikuwa na mavi ya chuma. Tafadhali msomaji usicheke, hilo ndilo jina lake la Kiswahili na hakuna lingine bora. Ni uchafu unaotoka chuma kinapoyeyushwa, mawe meusi mazito yenye vitundu na mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda. Shamba zima lilikuwa nayo. Mwenye shamba alikuwa ameyakusanya pembeni chungu nzima kwa sababu yanamvunjia jembe. Jembe la kununua, bila shaka.

Walitutokea vijana watatu wachunga ng'ombe. Nikawauliza hili ni la nani. Mkubwa wao akajibu bila kusita, "La Mjerumani." Nikauliza Mjerumani alikuwa analifanyia nini. "Anaficha mali." Akanionyesha shimo lililochimbwa chini ya ukuta, ndilo lililouangusha ule upande. Watu walikuja usiku na sururu, akasema, wakachimba hadi alfajiri, hawakupata kitu.

Nataka nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo pameniuma. Imani ya mali ya Mjerumani iko nchi nzima. Kila jiwe lenye alama, kila ukuta wa zamani, kuna mtu ameota rupia chini yake. Lakini tazama imefanya nini Ufipa: kitu kilichojengwa na Wafipa, kwa udongo wa Ufipa, kwa akili ya Wafipa, kimegawiwa kwa Mjerumani, kisha kinabomolewa kutafuta mali ambayo Mjerumani hakuiweka. Kinyume chake kabisa, Mjerumani na waliomfuata ndio waliofanya malungu yazimike. Nitafika huko.

Mzee niliyeelekezwa kwake nilimkuta anaota jua ukutani. Jina lake naliacha, aliniomba. Anasema yeye hakuyeyusha, alikuwa mtoto mdogo moto wa mwisho ulipozimwa, ila baba yake alikuwa mmoja wa waliobeba mkaa. Nikaamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba. Umekuja kuuliza mali?" "Hapana babu, nimekuja kuuliza kazi." Akanikazia macho, kisha akamwambia mjukuu wake alete kigoda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, nikichanganya maneno yake na yale yaliyoandikwa. Kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, wanaume walihama kijijini wakaenda kupiga kambi kwenye ilungu. Kuhama huko kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni mawe, maji na miti, vitu ambavyo havikukaa uani. Ya pili ni mwiko. Wayeyushaji hawakutakiwa kulala na wake zao muda wote wa kazi, kwa sababu ilungu lenyewe lilikuwa mke. Sisemi kwa mfano tu. Lilipambwa kama bibi harusi, liliimbiwa nyimbo kama bibi harusi, na fundi mkuu aliweka dawa chini ya sakafu yake kabla ya moto. Tumbo lake lilitarajiwa kuzaa chuma, na mwanamume anayetoka kwa mke mwingine anamletea wivu, mimba inaharibika. Mapadri waliposikia habari hizi walishika vichwa. Padri Robert wa shirika la White Fathers, aliyeandika juu ya imani na mila za Wafipa kwa Kifaransa, kitabu kilichotoka mwaka 1949, ameyaeleza mambo haya kwa kirefu, na tunamshukuru, ingawa aliyaandika kama mtu anayeorodhesha maradhi.

Sasa ufundi. Wahunzi wengi wa Afrika waliyeyusha kwa mivukuto, vijana wakipuliza mpaka mikono inakufa ganzi. Ilungu la Ufipa halikuhitaji mivukuto. Urefu wake ndio mvukuto. Hewa moto inapanda juu kwa kasi kwenye lile bomba la mita tatu, nyuma yake inavuta hewa baridi kupitia matundu ya chini, ambamo yamepangwa mabomba ya udongo yanayoipeleka hewa hadi katikati ya moto. Ukijaza mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, ukawasha, tanuri linapumua lenyewe usiku na mchana, kwa siku kadhaa. Ndani mkaa unatoa hewa ya kaboni, nayo inanyang'anya oksijeni iliyofungwa kwenye jiwe. Chuma chenyewe hakigeuki maji, maana kinahitaji nyuzi 1538 na humo moto haufiki huko. Kinachoyeyuka ni uchafu. Unatiririka chini ukawa yale mavi, na juu yake kinabaki kinofu cha chuma chenye vitundu kama sifongo. Fundi hana kipimajoto, hana saa. Ana rangi ya moto kwenye tundu na ana sikio. Mzee aliniambia ilungu likienda vizuri linanguruma, na baba yake alilisikia akiwa mbali akajua leo hakuna kulala.

Halafu haikuwa imekwisha. Hicho kinofu bado ni kichafu, kikapelekwa kwenye tanuri dogo linaloitwa kintengwe, na hilo ndilo lililopulizwa kwa mivukuto, kikasafishwa kwa mara ya pili. Baada ya hapo ndipo wahunzi wakakifua kuwa jembe, shoka, mkuki. Kwa hiyo chuma cha Ufipa kilipita motoni mara mbili kabla ya nyundo. Wanasayansi waliokuja baadaye wamevutiwa sana na jambo hilo. Babu yule alilisema kana kwamba ni kuosha mchele.

Na jembe hilo lilikuwa na kazi ya kweli. Mfipa hakulima kwa kukwangua. Alifanya intumba, yale matuta ya mviringo, anakata bamba la nyasi na udongo, analigeuza na kulifukia, linaoza ndani na kuwa mbolea, msimu unaofuata analitawanya na kupanda ulezi. Hivyo ndivyo uwanda usio na rutuba nyingi ulivyolisha watu. Jaribu kukata bamba la nyasi ya Ufipa kwa jembe bovu uone. Bila ilungu hakuna intumba, bila intumba hakuna ulezi, na bila ulezi hakuna ugali wala pombe, sasa falme za Nkansi na Lyangalile zingesimama juu ya nini? Masimulizi ya Wafipa yanasema kabla ya falme hizo mbili palikuwa na Milansi, chini ya mlima Itwelele, na mfalme wake Ntatakwa alikwenda kuwinda, wakaja wanawake wageni wa Watwa, wakakaa kwenye kigoda chake, aliporudi akakuta nchi imeondoka. Milansi leo ni kata ndani ya manispaa ya Sumbawanga, na imeandikwa Milanzi. Wapo wanaouhusisha ukoo huo wa kale na uhunzi, yaani chuma kilitangulia ufalme. Mimi naamini hivyo, na sitamlazimisha mtu.

Chuma kilipita pia katika nyakati mbaya. Wangoni wa Zwangendaba walipoingia Ufipa miaka ya 1840, na Zwangendaba mwenyewe akafia huku, Mapupo, mikuki haikutoka hewani. David Livingstone alipita ukingo wa ziwa Tanganyika upande wetu mwaka 1872, miezi michache kabla ya kifo chake. Joseph Thomson akapita 1880. Wakati huo malungu yalikuwa yananguruma.

Yalizimwaje? Si kwa amri moja. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi hailipwi kwa jembe, inalipwa kwa sarafu. Meli na wapagazi wakaleta majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, mepesi, ya bei ndogo, hayana miiko. Mapadri, ambao walikuwa Karema tangu 1885, wakasema ile dawa chini ya sakafu ni ushetani, na kijana aliyetaka kubatizwa alipaswa kuchagua. Kisha vijana wenyewe wakaondoka. Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, mashamba ya mkonge ya Tanga yakawachukua wengine kama manamba, wengine wakaelekea migodi ya shaba kusini. Ilungu linahitaji wanaume wengi wanaokaa mahali pamoja majuma kadhaa bila kulipwa. Wanaume hao wakawa hawapo. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee wa kwenye basi aliyecheka. Wafipa waliacha machimbo yao wakaenda kuwa vibarua kwenye machimbo ya wengine, na mimi mjukuu nikafuata njia ileile.

Mwaka 1937 R. C. H. Greig alichapisha makala ya kuyeyusha chuma Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1958 R. Wise akachapisha zake humohumo, mojawapo juu ya miiko na dawa. Roy Willis alikuja na kuandika vitabu vinavyosomwa hadi leo. J. A. R. Wembah-Rashid akaandika juu ya wahunzi wa Ufipa 1969. Bertram Mapunda, Mtanzania, alifanya utafiti wake wa udaktari huku kusini magharibi, akaumaliza 1995, na yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kabla ya malungu palikuwa na matanuri mengine mafupi, ya namna tofauti, yanayoitwa katukutu, kando ya ziwa. Kwa hiyo hata mahame yetu yana mahame yao. Alikuja pia Randi Barndon kutoka Norway.

Majina hayo nimeyataja yote kwa makusudi. Nawashukuru wote, na hasa Mapunda, ambaye aliichimba nchi hii kama ya kwake. Lakini jaribu wewe kunitajia jina la fundi mkuu mmoja. Mmoja tu. Mtu aliyeweza kusimama mbele ya moto wa mita tatu, usiku wa nne, akasikia kwa sikio kwamba mkaa umepungua upande wa kushoto. Nilimuuliza babu jina la fundi wa ilungu lile la shambani. Alifikiri sana. Akanipa jina la baba yake, akanipa jina la mhunzi aliyefua, la fundi hakulipata. "Tulimwita kwa cheo," akasema, "jina hatukuliita, tuliogopa." Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Huyo Jean de la Vallée Poussin aliona jiwe akaandikwa. Fundi wetu alilifanya jiwe kuwa jembe.

Kuna jingine la kukasirisha, na hili ni la kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kilichokuja baada ya hapo kinasubiri kitangazwe. Malungu mengi yaliyosimama leo ni ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, kwa sababu ni udongo, na yale ya zamani zaidi mvua ilishayamaliza. Yaani ukubwa wa umri unaotakiwa na sheria ni mkubwa kuliko uhai wa udongo. Rafiki yangu wa historia ya nyasi atafurahi kusikia hivyo. Na hapo masika haijaja, ng'ombe hajajikuna, trekta halijageuza, na wale wa sururu hawajaota tena.

Babu alinikatalia nilipomwambia kwamba labda serikali ijenge uzio. "Uzio utaibwa," akasema. Alikuwa na wazo lake: mwenye shamba apewe jina. Yaani liitwe ilungu la fulani, mtu aliye hai, ili likianguka watu wamuulize yeye. Sijui kama lina uzito mbele ya wataalamu. Kijijini lina uzito kuliko kibao chochote.

Majembe nayo yana hadithi ya pili ambayo vijana wa umri wetu tunaikumbuka nusu nusu. Baada ya uhuru nchi iliamua kujitengenezea majembe. Kikajengwa kiwanda cha Ubungo Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina, ndilo lile jembe la UFI walilolima nalo wazazi wetu, halafu kikaja cha Zana za Kilimo Mbeya, jirani yetu kabisa. Kile cha Mbeya kilibinafsishwa, na majembe yakakoma kutoka pale. Jembe nililolikuta kwa yule mwenye shamba, lile linalovunjwa na mavi ya chuma ya babu zake, lilikuwa na maandishi ya Kichina. Nilitaka kulipiga picha, akaona aibu, akaligeuza.

Na uchimbaji haujaisha, msije mkadhani nasimulia habari za marehemu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa, pale chini ya Lyamba lya Mfipa, lina hewa ya heliamu nyingi. Watu wameanza tena kuja na magari marefu. Ukisimama ukingoni juu ya Mbizi jioni unaliona bonde lote, na ukigeuka unaona vilima ambavyo mawe ya chuma yalitoka. Shimo la chuma la Mfipa lenyewe ni dogo, limejaa majani, ukiwa hujaonyeshwa utalipita. Nilionyeshwa matatu. Katika moja mwanamke alikuwa amepanda maboga, kwa sababu linahifadhi unyevu.

Babu alinipa bonge la mavi ya chuma lililokuwa linazuia mlango wake usigongwe na upepo. Nikaliteremsha Sumbawanga ndani ya begi, kamba ikanikata bega. Sokoni kuna wahunzi ambao bado wanafua, wanakata springi za magari mabovu wakatengeneza mashoka, mapanga na majembe mazito ambayo wakulima wa mbali wanayasifu kuliko ya dukani. Mvukuto wao ni gurudumu la baiskeli linalozungusha feni ndani ya kopo. Niliwakalia pale asubuhi nzima, kisha nikamwekea mmoja lile bonge mbele yake, bila kumwambia limetoka wapi.

Alilipima kwa mkono. Akalipiga nyundo pembeni, akanusa, akatazama palipomeguka. "Huyu aliyeyusha ametuachia kidogo," akasema. "Humu bado mna chuma." Akamwita kijana wake aje atazame, wakaanza kubishana kama moto wao wa feni unaweza kukitoa. Kijana alisema haiwezekani. Fundi akasema tatizo si moto, tatizo ni urefu wa tanuri, akachukua kipande cha mkaa akaanza kumchorea chini.